Neno "Dhaifu" na Wajumbe wa Kusadikika

Uhakiki mwingi wa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, umeisoma kama istiara ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo una haki yake, na mwaka wenyewe wa kuchapishwa unauunga mkono. Hata hivyo unaliacha pembeni jambo linalochukua sehemu kubwa ya kitabu, yaani habari za wajumbe sita. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini wanatumwa pande sita, wanataabika njiani, wanarejea na maarifa, na malipo yao yanakuwa kifungo. Nchi imewatuma watu kutafuta habari, kisha imewaadhibu kwa kuzileta. Mimi huisoma Kusadikika kama riwaya ya ripoti zilizofungiwa.

Ukiisoma hivyo, kesi ya Karama nayo hubadilika sura. Waziri Majivuno anamshtaki kwa kutaka kueneza mafunzo ya uanasheria. Karama anajitetea kwa kusimulia, siku baada ya siku, yale yaliyowapata wajumbe na yale waliyoyaleta. Baraza lililoyazika masimulizi hayo sasa limekaa kitako kuyasikiliza. Mashtaka yenyewe ndiyo yanayoitangaza siri.

Tanzania ililiona jambo la namna hii bila riwaya. Mwishoni mwa mwaka 2018 Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alihojiwa kwa Kiswahili na redio ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Alipoulizwa kwa nini ripoti zake hazifuatiwi na hatua, alitaja udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai alimtaka afike mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na Aprili mwaka huohuo Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Kabla ya hapo, Aprili 2018, Zitto Kabwe alikuwa ameisoma ripoti ya ukaguzi na kuuliza ziko wapi shilingi trilioni 1.5 ambazo hakuziona katika matumizi. Serikali ilikanusha kwamba fedha hizo zimepotea. Hesabu zilijibiwa kwa hesabu, na hilo ni sawa. Neno moja ndilo lililoitiwa kamati.

Assad alijitetea kwamba "udhaifu" ni msamiati wa kawaida wa wakaguzi. Ni kweli, lakini utetezi huo unaweza kupelekwa mbali zaidi. Wasomaji wa jarida hili waliosoma chuoni, iwe Unguja, Lamu au Maskati, walilijua neno hili kwa maana ya kitaalamu kabla ya kulisikia bungeni. Hadithi dhaifu ni ile ambayo sanadi yake ina kasoro: mpokezi amekosekana katikati, au kumbukumbu yake haiaminiki. Anayesema hadithi ni dhaifu hamtusi yeyote. Anasema kwamba mnyororo umekatika mahali fulani, na anapaonyesha. Mkaguzi wa hesabu hufanya kazi iyo hiyo. Anaifuata shilingi kutoka idhini ya matumizi hadi hati ya malipo, na kutoka hati hadi stakabadhi, na pasipo na karatasi huandika kwamba pana udhaifu. Bunge lilikuwa kiungo cha mwisho cha mnyororo huo. Likalisikia neno la fani kwa sikio la mtaani, ambako mtu dhaifu ni mtu duni.

Kosa la usomaji? Labda. Naona zaidi kwamba lugha ya fedha za umma nchini mwetu imezoea maneno yanayopunguza ukubwa wa kitu, hata neno linalokitaja kitu kwa kipimo chake husikika kama ukali. Mwaka 2008, wachunguzi wa Uingereza walipokuwa wakifuatilia ununuzi wa rada kutoka kampuni ya BAE, Andrew Chenge aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake huko Jersey. Aliziita "vijisenti". Alikanusha kuhusika na rushwa ya rada, ingawa alijiuzulu uwaziri. Sarufi ya neno hilo inastaajabisha: ki- ya udogo na -ji- ya kuongeza dharau vimepachikwa juu ya senti, ambayo tayari ndiyo sarafu ndogo kuliko zote. Kwa upande wa Uingereza, Desemba 2010 BAE ilitozwa faini ya pauni 500,000 mjini London kwa kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, na ikakubali kuilipa Tanzania takriban pauni milioni 29.5, ambazo zilielekezwa kwenye elimu. Kumbukumbu za hesabu! Huko nako jina la kosa lilikuwa kijisenti.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwisho wa Kusadikika. Mfalme anaguswa na utetezi, Karama anaachiwa, na wajumbe wanatoka gerezani. Wahakiki hupenda kuuita ushindi wa haki. Lakini riwaya inafungwa kabla ya mtu yeyote kuuliza maarifa ya wajumbe yatatumikaje, na kufunguliwa kwao kumetegemea moyo wa mtawala mmoja. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 143, imekuwa na shaka kuliko Shaaban Robert: ripoti ya Mdhibiti humfikia Rais, naye huiwasilisha bungeni; asipofanya hivyo, Mdhibiti mwenyewe huipeleka kwa Spika. Walioiandika ibara hiyo walimwazia mfalme asiyeguswa. Spika asiyetaka kumsikia mletaji hawakumwazia.