Mguu Unaoshika, Mguu Unaoteleza

Wakenya wanaomkumbuka Philip Boit hukumbuka zaidi jinsi alivyokumbatiwa. Ilikuwa Februari 12, 1998, huko Hakuba, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mvua ikinyeshea theluji. Bjørn Dæhlie wa Norway alimaliza mbio za skii za kilomita 10 kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25, akamkuta bingwa bado anamsubiri ili amkumbatie. Kisa kitamu, na Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Ila kimetuzoesha kumwonea huruma mtu ambaye tungemtazama miguu.

Skii zikionyeshwa kwenye runinga ya hoteli hapa Kangemi, hakosekani mtu wa kuuliza: "Sasa huyo si angekimbia tu?" Kumbe hapo ndipo penye kazi. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata shaba katika mbio hizo Munich 1972. Nike ilipomdhamini kwenda Finland mwaka 1996, mapafu alikuwa nayo tayari. Miguu ndiyo iliyohitaji kusahau. Mkimbiaji hufunzwa kugusa ardhi na kuondoka papo hapo. Kwenye skii, ukiondoka mapema umejinyima safari: unauegemea mguu mmoja kwa mwili wote, unatulia juu yake, unauacha uteleze hadi kasi ianze kufa, ndipo unahamia wa pili.

Na kuna kushika. Katika mtindo wa klasiki, ubao wa skii umebinuka kidogo katikati, na chini ya mbinuko huo, usawa wa unyayo, hupakwa nta ya kunata. Ukigawa uzito kwa miguu miwili, nta haigusi theluji sana. Ubao unateleza kwa ncha zake. Ukiukanyaga mmoja kwa uzito wote, mbinuko unalala, nta inauma theluji, nawe unajisukuma. Nafasi yenyewe ni chini ya sekunde. Ukiikosa, unarudi nyuma. Aliyewahi kupanda kutoka bondeni kuelekea Waiyaki Way mwezi wa Aprili, kwenye ule udongo mwekundu, anajua kiatu kisichokanyagwa sawasawa kinavyomrudisha alikotoka. Theluji iliyolowa, kama ya siku ile Hakuba, huwatesa hata mafundi wa nta: inayoshika huzoa theluji, inayoteleza haishiki.

Wapo wanaoongeza bunduki juu ya haya yote. Mchezaji wa baiathloni hubeba mgongoni silaha isiyopungua kilo 3.5, hufika penye shabaha moyo ukimwenda mbio, hulala kifudifudi na kulenga duara la sentimita 4.5 lililo mita 50 mbele. Katika mbio fupi, kila risasi inayokosa humgharimu mzunguko wa ziada wa mita 150. Nawahusudu kwa jambo moja: kosa lao linaonekana. Uwanja mzima unaona duara jeusi limebaki jeusi. Boit hakuwa na bunduki, na makosa yake yalijificha ndani ya hatua. Nusu hatua ikipotea hapa, nyingine kule, mara elfu kadhaa, mpaka zinakuwa dakika 20.

Alirudi kwenye Olimpiki, Salt Lake City 2002, kisha Turin 2006 akiwa na miaka 34. Hilo la kurudi ndilo linalonivutia kuliko kumbatio. Wanaoishi mbali na theluji hujinoa barabarani kwa skii za magurudumu, na magurudumu ya klasiki yana kizuizi kisichoyaruhusu kurudi nyuma. Ukanyage vizuri au vibaya, lami inakushikilia. Mapafu yananenepa, mikono inakaza, lakini ile nafasi ya chini ya sekunde haifundishwi na lami. Kila msimu mtu huanza kuitafuta upya siku anayokanyaga theluji, wakati mtoto wa Norway aliye kando yake hajawahi kuipoteza.