Kuipima Injini ya Tabo kwa Ajili ya Milima ya Usambara

Injini inayojazwa hewa kwa nguvu ni ile isiyoachiwa ivute hewa yenyewe kwa mwendo wa pistoni zake, bali husukumiwa hewa hiyo na pampu maalumu, ambayo huitwa superchaja ikiwa inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krankishafti, na huitwa tabo ikiwa inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Katika magari ya kazi yanayopanda kutoka Mombo kupitia Soni kwenda Lushoto, Bumbuli na Mgwashi, superchaja ni nadra na tabo ya dizeli ndiyo iliyozoeleka. Na kwa kuwa madhila yanayoipata pistoni katika mifumo hiyo miwili yana asili moja, yaani joto na shinikizo, anayejua kuipima injini ya tabo hatapotea akikutana na ile nyingine.

Hamu ya kufunga tabo milimani ina sababu ya msingi. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 15 likilinganishwa na la Tanga mjini, pwani, kwa hiyo injini isiyo na tabo hufika huko ikiwa na upungufu wa hewa, na kwa hiyo wa nguvu, unaokaribia kiwango hicho. Tena mboga na matunda, ambavyo ndivyo watu wengi huvihusisha na malori ya Usambara, huteremka. Kinachopanda ni saruji, mabati na mbolea. Pistoni basi haijaribiwi na mzigo wa sokoni, inajaribiwa na safari ya kurudi, pale dereva anapokanyaga mafuta kwa muda mrefu katika gia ndogo, huku gari likienda polepole mno kiasi kwamba upepo wa kupoza rejeta ni haba. Kipimo cha ubora wa injini ya aina hii kimo humo: si nguvu inazotoa kwa dakika moja, bali joto inaloweza kuliondoa kwa nusu saa mfululizo.

Pistoni ya dizeli aghalabu hutengenezwa kwa aloi ya alumini, ambayo ni nyepesi na hupitisha joto upesi, lakini hulainika mapema kuliko chuma. Kwa sababu hiyo kitu cha kwanza cha kutazama ni mfereji wa ringi ya juu. Katika pistoni iliyokusudiwa kazi nzito, mfereji huo haukukatwa ndani ya alumini tupu; umechongwa ndani ya pete ya chuma cha kutupwa chenye nikeli, iliyomiminiwa humo wakati pistoni inatengenezwa. Pete hiyo huonekana kama mstari wa kijivu tofauti kidogo na rangi ya pistoni, na ukipitisha ukucha pale metali hizo mbili zinapokutana usisikie ufa wala ngazi. Pistoni ya bei rahisi isiyo na pete hii huanza vizuri, kisha mfereji hupanuka, ringi hucheza, na moshi wa oili hufuata. Baada ya hapo hutazamwa ukingo wa bakuli lililochongwa kichwani mwa pistoni, ambamo dizeli huwakia: ukingo mkali kama wa kisu hukusanya joto na ndipo nyufa huanzia, ilhali ukingo uliolainishwa huonyesha mtengenezaji aliyefikiri. Mwisho, pistoni igeuzwe chini juu. Zile zilizoundwa kwa ajili ya tabo mara nyingi huwa na tundu la kupokea oili inayorushwa kutoka chini na jeti ndogo zilizofungwa kwenye bloku, na oili hiyo huzunguka ndani ya kichwa na kutoka na joto. Bloku ikiwa haina jeti, tundu hilo ni pambo tu.

Pistoni za kufuliwa, ambazo alumini yake hugandamizwa badala ya kumiminwa, husifiwa sana na wapenzi wa magari ya mashindano. Ni imara kweli, lakini nyingi hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo huhitaji nafasi kubwa kati yake na slivu, nazo hugonga injini inapokuwa ya baridi. Kwa lori la saruji ni gharama isiyo na faida.

Uwiano wa mgandamizo, yaani hewa inabanwa kuwa ndogo mara ngapi kabla ya dizeli kuwaka, ndiyo hoja inayowagawa mafundi. Toyota Land Cruiser hutoa mfano ulio wazi kuliko yote, kwa sababu injini ya 1HZ isiyo na tabo na ile ya 1HD-T yenye tabo zina ujazo mmoja wa sentimita za ujazo 4,164, lakini ya kwanza hubana zaidi ya 22 kwa 1 na ya pili 18.6 kwa 1. Isitoshe, 1HZ huwashia dizeli katika chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, na mwale wa moto unaotoka humo huipiga pistoni mahali pamoja, pale pale, kila mzunguko. Ukiiongezea hewa na mafuta, mahali hapo ndipo panapopasuka. Land Rover nao walipitia njia hiyo. Dizeli yao ya tabo ya mwaka 1986, iliyobaki na mgandamizo wa 21 kwa 1, ilipata sifa mbaya ya kupasua pistoni, na mrithi wake wa mwaka 1989, 200Tdi, ikashushwa hadi 19.5 kwa 1 na kupewa intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo.

Upande wa mafuta, pampu iliyo sahihi ina kiwambo kinachosukumwa na shinikizo la hewa ya tabo, ili dizeli iongezeke pale tu hewa inapoongezeka. Fundi anayefunga tabo kisha akafungua skrubu ya pampu hadi gari litoe moshi mweusi hajaongeza nguvu. Amelimwaga joto juu ya pistoni. Nozeli zipimwe kwenye mashine ya mkono: mnyunyizo uwe ukungu, ukatike ghafla, na ncha ibaki kavu. Ubora wa dizeli yenyewe usisahaulike, kwani pampu ya mzunguko hulainishwa na dizeli hiyo hiyo, na uchakachuaji kwa mafuta ya taa, uliosababisha EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, kuanzisha vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, katika mafuta mwaka 2010, huila pampu kabla haujaidhuru pistoni.

Anayetaka nguvu za kupanda Mgwashi na mzigo atafute injini iliyozaliwa na tabo, kwa sababu 1HZ iliyobandikwa tabo ni suluhisho la nusunusu, hata ikifungwa na mkono mzuri. Akishikilia kuifunga, msukumo uwe mdogo, na kipima joto cha moshi, ambacho kikikaribia nyuzi 700 dereva hupunguza mafuta, kinunuliwe kabla ya tabo yenyewe.