Hazina Isiyo na Kopo

Mwezi Mei 2000, mara tu Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Jiokashi, mchezo wa kusaka hazina kwa GPS, ukazaliwa.

Muda si muda likachipuka tawi lisilohitaji ndoo wala kopo: hazina pepe. Msakaji huongozwa hadi kwenye mnara, magofu au ukingo wa korongo, akapakuta mahali penyewe, na swali la kujibu. Katika hifadhi za taifa za Marekani, ambako kwa kawaida hairuhusiwi kuacha vyombo, tawi hili lilifaa kupita mengine yote.

Ufundi wote umo katika swali hilo.

Tuchukue jengo la ukumbusho la Lincoln Memorial, jijini Washington. Ukiuliza idadi ya nguzo zake za nje, umepoteza kazi: ni 36, na mtu atalipata jibu akiwa kitandani. Lakini ngazini pale pamechongwa maandishi yanayoonyesha aliposimama Martin Luther King akihutubia umati mwaka 1963. Mtunzi hodari atamtaka msakaji asimame papo hapo, aligeukie bwawa lililo mbele ya jengo, apige picha ya mkono wake juu ya maandishi, kisha aeleze umati huo ungeonekanaje kutoka hapo. Jibu hilo halipatikani bila miguu, na anayelitafuta huondoka ameiona historia kwa kimo cha macho yake.

Maswali ya kivivu ndiyo yaliyoliponza tawi hili. Hazina ziliwekwa penye vitu visivyostahili safari, na watu wakajiandikishia ushindi katika nchi wasizowahi kuzikanyaga. Mwaka 2005, tovuti ya mchezo huu, Geocaching.com, iliacha kupokea hazina pepe mpya. Za zamani zikabaki.

Hata hivyo, dawa ilikuwapo. Tangu 2004 hazina za jiolojia ziitwazo EarthCache, zilizobuniwa kwa ushirikiano na Geological Society of America, zimedai somo la kweli la miamba na majibu yanayotumwa kwa mtunzi. Mwaka 2017, watunzi 4,000 waliruhusiwa kuunda hazina pepe moja moja, na awamu nyingine zikafuata 2019, 2022 na 2024.

Mlango huo wa hazina pepe mpya unastahili kuachwa wazi, kwa masharti machache. Kila mtunzi awe na hazina pepe moja tu. Swali lake lijaribiwe kwanza na mtu asiyepajua mahali hapo: akilijibu kwa simu tu, litungwe upya. Picha itakiwe, lakini asilazimishwe mtu kuonyesha uso. Mtunzi naye asome kila jibu na kufuta maandikisho ya uongo; akiacha kufanya hivyo, hazina yake ifungwe na nafasi apewe mwingine.