Kutega na Kutegua: Maoni ya Wachezaji juu ya Super Mario Maker 2

Makala hii inakusudia kuyapima maoni ambayo wachezaji wameyatoa juu ya mchezo wa video uitwao Super Mario Maker 2, uliotolewa na kampuni ya Kijapani ya Nintendo tarehe 28 Juni 2019. Huenda msomaji akauliza mchezo wa namna hii unatafuta nini katika jarida la taaluma ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba mchezo huu humtaka mtu amtegee mwenzake, kisha angoje kuona kama atateguliwa. Lugha yetu ina kitenzi cha tendo hilo, tena kina kinyume chake kilichonyambuliwa barabara, na wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanakifahamu tangu mwaka wa kwanza. Tunaona kwamba maoni mengi juu ya mchezo huu yamevuruga mambo mawili yaliyopasa kutenganishwa, na kwamba kitenzi hicho kinasaidia kuyatenganisha.

Kwa wasioufahamu, Mario ni yule fundi mwenye masharubu na kofia nyekundu, anayekimbia na kuruka kutoka kushoto kwenda kulia, akikwepa mashimo, kasa na mimea inayouma, hadi afike kwenye mlingoti wa bendera. Safari moja ya namna hiyo vijana wa Goma huiita *nivo*, kwa kufuata Kifaransa. Sisi tutaiita hatua. Kwa miaka mingi hatua hizo zilibuniwa na waajiriwa wa kampuni peke yao. Mwaka 2015, katika mashine iliyoitwa Wii U, kampuni ilimkabidhi mchezaji vifaa vyenyewe: matofali, mabomba, maadui, sarafu, naye akapewa uwezo wa kujenga hatua yake na kuwapelekea wengine kwa njia ya intaneti. Hilo ndilo toleo la kwanza. Toleo la pili, la mashine ya Switch, ndilo tunalolihakiki. Yote mawili yana sharti moja ambalo msomaji hana budi kulikumbuka: hakuna hatua inayotolewa hadharani kabla mjenzi mwenyewe hajaipita kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa tuliangalie neno. Tunatega mtego, na tunatega kitendawili. Mtego hutegwa ukateguliwa, na kitendawili vivyo hivyo. Kile kiambishi *-u-* kinachogeuza *funga* kuwa *fungua* na *ziba* kuwa *zibua* ndicho kinachofanya kazi hapa. Fanani anasema "Kitendawili!", hadhira inaitika "Tega!", na wakishindwa anadai mji. (Majirani zetu wasemao Kinyarwanda huanza kwa "Sakwe sakwe", huitikiwa "Soma".) Tusisahau kwamba anayetega kitendawili sharti awe na jibu. Asiye na jibu hadai mji, kwani hakutega kitu. Lile sharti la Nintendo tulilolitaja, la mjenzi kuipita hatua yake kwanza, ni sharti hilo hilo la fanani, ila sasa linalindwa na mashine badala ya wazee.

Maoni yaliyosikika zaidi toleo la pili lilipotoka yalihusu vifaa. Wachezaji walisifu mteremko, ambao haukuwapo katika toleo la kwanza. Walisifu swichi ya kuwasha na kuzima matofali, mandhari mpya, usiku unaobadili tabia ya kila mandhari, na masharti ya ushindi, yaani mjenzi kuweza kumtaka mchezaji afike mlingotini akiwa amefanya jambo fulani njiani. Walilalamika pia. Katika Wii U mjenzi alichora kwa kalamu juu ya kioo alichokishika mkononi huku akiitazama televisheni. Katika Switch iliyounganishwa na televisheni humbidi apapase kwa vitufe, na wengi waliona ni kazi ya kuchosha. Mtindo wa Super Mario 3D World haubadilishiki kuwa mitindo mingine minne bila kufuta kazi yote. Hatua yenye sharti la ushindi haikubali bendera ya katikati. Ukomo wa hatua ambazo mtu mmoja aliweza kuzitoa ulikuwa 32, ukapandishwa hadi 64, kisha 100.

Maoni haya ni ya haki, na hatuna ugomvi nayo. Lakini ni maoni juu ya sarufi. Anayesema mchezo huu ni bora kwa kuwa una mteremko ni kama anayesema lugha fulani ni bora kwa kuwa ina ngeli nyingi. Mteremko unaruhusu kusema jambo ambalo halikusemeka. Kama jambo hilo limesemwa vema, na kama kuna aliyelisikia, ni swali jingine kabisa. Wahakiki wengi wa magazeti walisimama kwenye sarufi, wakahesabu vifaa, wakatoa alama. Ndiyo maana tathmini zao zinafanana mno na orodha za bidhaa.

Wachezaji wenyewe, wasipokuwa wanajua kwamba wanatoa maoni, husema kwa undani zaidi. Katika nyumba moja ya mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi, yumo kijana aliyeletewa Switch na shangazi yake kutoka Ulaya. Jambo hilo ni nadra, kwa kuwa katika vyumba vya kuchezea vya mji huu ni kandanda ya PlayStation inayotawala. Jioni huja jirani wanne au watano, na mashine huzunguka mkono kwa mkono. Tulichosikia hapo hatukipi jina la utafiti, lakini kina thamani ya kisarufi. Wanapocheza hatua zilizotengenezwa na kampuni, zile za hadithi ya kulijenga upya kasri la Peach, wakishindwa husema "iko nguvu", au "inanishinda". Kiima ni *i-*: hatua ni kitu, nacho ni kigumu. Wanapocheza hatua aliyoijenga mwenye nyumba, na tofali lisiloonekana likawapiga kichwani katikati ya mruko, kiima hubadilika: "anatudanganya!" Mara *i-* imekuwa *a-*. Nyuma ya shimo ameonekana mtu, tena mtu mwenye nia.

Badiliko hilo la kiambishi ndilo, kwa maoni yetu, sifa kuu ya mchezo huu, na hatujaliona likitajwa popote. Hatua za kampuni ni nyingi, zaidi ya 100, tena zimejengwa kwa ustadi kuliko nyingi za wachezaji. Lakini hazina fanani. Katika hatua ya mtu, hata mbovu, mchezaji husoma. Hujiuliza: sarafu hii ameiweka hapa ili niifuate, au ili nianguke? Kuna tanzu nzima iliyokua juu ya swali hilo, ya hatua za utani, ambamo mjenzi hutabiri kila hila ambayo mchezaji ataibuni, akaitegea nayo mtego wa pili na wa tatu. Wapo wachezaji wanaozichukia hatua hizo na kuziita dhuluma. Sisi tunaziona kuwa karibu zaidi na kitendawili kuliko zile za kasi tupu, kwa kuwa zinamchukulia mchezaji kuwa mtu anayefikiri.

Mpaka wa dhuluma uko wapi, basi? Wachezaji wa toleo la kwanza walitoa jibu mwaka 2024, na tunalitaja kwa kuwa linaangaza toleo la pili pia. Nintendo ilikuwa imetangaza kuzima huduma ya intaneti ya Wii U tarehe 8 Aprili 2024. Kundi la wachezaji lilikuwa limejipa kazi ya kuzitegua hatua zote ambazo hazijawahi kupitwa na yeyote isipokuwa wajenzi wake. Kufikia Machi ilibaki moja tu, iliyoitwa Trimming the Herbs, ya sekunde chache tu, iliyowatesa mabingwa kwa maelfu ya majaribio. Ndipo ikajulikana kwamba mjenzi wake hakuipita kwa mikono yake: alitumia programu iliyopanga mibonyezo ya vitufe kitambo kwa kitambo. Kundi likaamua kwamba hatua hiyo haihesabiwi, na kazi yao ikatangazwa kuwa imekamilika. Hakuna aliyeiondoa kwa sababu ya ugumu. Iliondolewa kwa sababu aliyetega hakuwa na jibu. Wazee wa vitendawili wangeamua vivyo hivyo. Na tuongeze kwamba tarehe 5 Aprili, siku tatu kabla ya kuzimwa, mchezaji mmoja aliitegua kwa mikono yake, akawa amefanya ambalo mtegaji mwenyewe hakulifanya.

Tukirudi kwenye toleo la pili tukiwa na kipimo hiki, malalamiko ambayo yalionekana madogo yanakuwa makubwa. Toleo hili lilileta kitufe cha pili cha hukumu: mbali na moyo wa kupendezwa, sasa kuna alama ya kuzomea. Lilileta pia mashindano yasiyo na mwisho, ambamo mchezaji huletewa hatua moja baada ya nyingine bila kuichagua, na ana ruhusa ya kuiruka yoyote asiyoipenda. Wachezaji wengi waliyafurahia, nasi tunaelewa kwa nini. Ni kama sahani isiyoisha. Lakini mtazame mjenzi. Hadhira yake humfikia bila kumjua, humpa sekunde tano, kisha huondoka. Matokeo yalionekana mapema: orodha za hatua zilizopendwa zilijaa mbio fupi za sekunde 20 na hatua zinazojiendesha, ambamo mchezaji huacha vitufe na Mario hurushwa na mitambo hadi mlingotini. Hizi za mwisho ni kazi za kustaajabisha kiufundi. Hata hivyo ni vitendawili vinavyojitegua vyenyewe. Hadhira haina la kuitika isipokuwa makofi. Anayelalamika kwamba hatua nzuri hazionekani halalamikii vifaa. Analalamika kwamba amesema "Kitendawili!" na hakuna aliyesema "Tega!"

Kuna lalamiko jingine linalotuhusu sisi wa Goma moja kwa moja. Katika mchezo wa watu wanne kwa intaneti, mmoja akiwa na mtandao dhaifu, mwendo hupungua kwa wote. Karibu kila tathmini ililitaja jambo hili, na kwa haki, kwa sababu nyakati nyingine haichezeki kabisa. Lakini tuone jinsi lilivyosemwa. Kosa la mpango wa programu liligeuka upesi kuwa kosa la mtu: yule mwenye mtandao mbaya, anayewaharibia wenzake, ambaye heri asingeingia. Msomaji wa Majengo hana haja ya kuelezwa yule mtu ni nani. Aidha, kupeleka na kupokea hatua kulikuwa bure katika Wii U. Katika Switch kunahitaji ada ya uanachama, dola 20 za Marekani kwa mwaka kwa bei ya Marekani yenyewe. Wachezaji wa huko walinung'unika kidogo, wakalipa. Si fedha nyingi kwao. Lakini ada hiyo hulipwa kwa kadi, na kadi hutaka benki. Mwaka 2025, baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, benki za mji zilifungwa. Hatudai kwamba Nintendo ilikuwa na wajibu wa kutufikiria. Tunachosema ni kwamba maoni yaliyoandikwa juu ya mchezo huu yameandikwa na wale waliokwisha kuingia mlangoni, na kwa hiyo mlango haumo katika hukumu yao. Mchezo unaojinadi kuwa kila mtu anaweza kuwa mjenzi unapaswa kuhakikiwa kwa neno hilo "kila mtu" kabla ya kuhakikiwa kwa mteremko.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba kampuni ilisikia baadhi ya maoni. Kucheza na marafiki kwa intaneti, jambo ambalo kwa mshangao wa wengi halikuwapo mwanzoni, kuliongezwa baadaye mwaka 2019. Desemba mwaka huo uliongezwa upanga wa Link. Aprili 2020 ilikuja nyongeza kubwa ya mwisho, nayo ndiyo tunayoithamini kupita zote: mjenzi aliweza kuzipanga hatua zake, hadi 40, katika ramani ya dunia nane, zikachezwa kwa mfuatano alioutaka yeye. Hapo mjenzi alipata kitabu badala ya kipeperushi. Mchezaji anayeingia katika ramani hiyo hawezi tena kumsahau aliyeipanga, kwa kuwa hila ya hatua ya tatu hurudi katika ya kumi ikiwa imegeuzwa. Nyongeza hiyo ilifika miezi kumi baada ya mchezo kutoka, wakati wengi wa waliotoa maoni walikuwa wamekwisha kufunga kurasa zao, na tathmini zinazoendelea kusomwa ni zile za Juni 2019.

Kijana wa Majengo ameitumia ramani hiyo. Amejenga dunia mbili na nusu, zote zimo ndani ya mashine yake, hakuna iliyokwenda intaneti. Hatua moja ina mkondo wa lava unaoshuka kutoka kushoto huku mchezaji akikimbilia kulia, na jirani zake, ambao wengi waliikimbia ile ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, waliielewa kabla hajaieleza. Katikati pana njia panda: ya juu ni fupi na ina sarafu, ya chini ni ndefu na tupu. Wote walichukua ya juu mara ya kwanza. Wakaanguka, wakamgeukia, wakasema "anatudanganya", naye amekaa hapo hapo kwenye mkeka, anacheka, anawaambia wajaribu tena.