Somo Moja, Njia Tatu

Siku hizi walimu wawili wa masomo makubwa wakikutana hapa Bukavu, hawakosi kubishana juu ya jambo hili: kufundisha kwa intaneti kunafaa ama hakufai? Mmoja asema ni maendeleo. Mwingine asema ni kuua masomo. Sisi twaona kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya. Ndiyo sababu tumetaka kulipima katika kurasa hizi, kwani linawagusa waseminari, mapadri wanaofundisha, na hata makatekista wa vijijini.

Jambo hili hatukulichagua, lilitujia. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipoingia katika Kongo, Serikali ilifunga masomo yote, toka ya msingi mpaka universite, na wanafunzi wakakaa nyumbani mpaka mwezi wa Agosti. Mwezi wa Desemba yakafungwa tena, mpaka Februari 2021. Kisha vita ikaja. Wapiganaji wa M23 walipoingia mjini kwetu, tarehe 16 Februari 2025, jamaa nyingi zilikuwa zimekwisha kutawanyika: wengine Uvira, wengine Burundi, wengine ng'ambo ya Ruzizi katika Rwanda. Mwalimu aliyezoea kuona kalasi yake mbele ya macho akabaki na orodha ya majina na namba za telefone.

Basi leo njia ni tatu: kufundisha ana kwa ana, kufundisha walio mbali kabisa, na kuchanganya, yaani wengine kalasini na wengine mbali, ama leo kalasini na kesho nyumbani. Twauliza: je, kazi za somo zigeuzweje ili zifae njia hizi tatu?

Kosa la kubadili gari bila kupanga mzigo

Tumeona mwalimu mmoja, ambaye hatutamtaja wala hatutataja nyumba yake, akipiga picha kurasa zote za silabusi yake, moja moja, na kuzitupa katika kundi la WhatsApp kwa usiku mmoja. Chini yake akaandika kwamba ekzame itafanyika baada ya majuma mawili. Mwanafunzi wa Kadutu anayenunua mega kidogo kidogo, kwa franka alizobakiza sokoni, hakuweza kufungua hata nusu. Moto wa umeme ulikatika siku mbili, telefone ikazimika. Ekzame ikafika. Akaanguka. Ikaandikwa kwamba alikuwa mvivu.

Je, hiyo ndiyo kufundisha kwa intaneti? Hapana. Ni kusafirisha mzigo tu.

Lakini tuwe watu wa haki. Kosa hilo halikuzaliwa na telefone. Mwalimu yule, alipokuwa kalasini, alifanya nini? Alisoma silabusi ileile kwa sauti, na wanafunzi wakaandika katika kaye zao. Kama saa mbili zapita bila swali hata moja, miili imekaribiana, akili hazikukutana. Anayesifu kalasi ya namna hiyo kwa sababu tu watu wameketi pamoja, asifu mabenchi.

Wazee wetu walijua kutofautisha

Waseminari wanajua kwamba katika universite za zamani za Ulaya, kama Paris na Bologna, kazi za masomo hazikuwa za namna moja. Kulikuwa na lectio: mwalimu alisoma kitabu na kukieleza. Kulikuwa na disputatio: swali liliwekwa, mmoja akaleta mapingamizi, mwingine akajibu, mwishoni mwalimu akakata shauri. Tena kulikuwa na repetitio: wanafunzi walirudilia pamoja yale waliyosikia. Mtakatifu Tomaso alifundisha kwa namna hizo, na umbo la maandiko yake laonyesha bado alama ya mabishano yale.

Zamani hizo vitabu vilinakiliwa kwa mkono, navyo vilikuwa na bei kubwa. Mwanafunzi asiye na kitabu alihitaji mtu wa kumsomea. Tangu Gutenberg alipopiga chapa, katikati ya karne ya 15, sababu hiyo imeanza kupungua. Hata hivyo sisi tumeshika lectio, na mara nyingi tumeitupa disputatio. Tumeshika ile inayoweza kufanyika bila sisi, tukaacha ile inayotuhitaji.

Hapo ndipo twapata kipimo chetu. Tusiulize: somo hili ni la kalasi ama la intaneti? Tuulize: katika somo hili, kazi gani yahitaji watu kuonana, na kazi gani haihitaji? Lectio yaweza kwenda nyumbani: kurasa chache zilizopigwa chapa, ama sauti ya mwalimu ya dakika kumi katika telefone, ambayo mwanafunzi ataisikiliza mara tatu akitaka. Repetitio yaweza kufanyika na wenzake watatu katika mtaa wao. Lakini disputatio, pamoja na kusahihisha kazi mbele ya mwenyewe, na kusikiliza mtu anayetafuta neno bila kulipata, hizo zidai kalasi. Saa za kuonana ni chache. Tusizimalize kwa kuandikisha.

Mashauri ya Marekani

Huko Marekani, kuanzia mwaka 2006, mwalimu mmoja, Brian Beatty, wa universite ya San Francisco State, alitengeneza njia ambamo mwanafunzi huchagua mwenyewe, kila juma, aje kalasini ama afuate toka mbali. Aliweka kanuni nne: mwanafunzi achague, njia zote zimpatie elimu yenye thamani sawa, kazi zilizotengenezwa kwa njia moja zitumike tena katika nyingine, na kila mmoja aweze kuzifikia. Wakati wa Covid-19 kanuni hizo zilienea katika nchi nyingi.

Twamheshimu, maana alifikiri kabla ya kutenda. Lakini tukizileta kanuni zake Bukavu, ya kwanza yavunjika mara moja. Mwanafunzi wetu hachagui. Vita humchagulia, minervali humchagulia, moto uliokatika humchagulia. Yule aliye Shabunda ama Idjwi hakusema: «Napenda kusoma toka mbali.» Tukimwambia ni uhuru wake, twamcheka. Ya tatu ni nzuri, lakini si ya haraka. Kwetu zinazobeba nyumba ni ya pili na ya nne: thamani sawa, na kila mmoja aweze kufika. Tena twaona kwamba ya nne ipewe nafasi ya kwanza, kwani mlango uliofungwa hauna thamani hata ukiwa wa dhahabu.

Toka hapo twapata sheria moja ngumu: kazi yoyote yenye pointi isipite katika njia moja tu, ambayo maskini hawezi kuipita. Ukitoa swali kwa telefone, toa siku tano za kujibu, wala si saa mbili. Andika maneno, usitume sinema nzito. Kubali jibu lililoandikwa kwa kalamu na kuletwa na jirani. Kwa walio mbali, ekzame ya mdomo kwa telefone, dakika kumi na tano kila mmoja, huonyesha zaidi kuliko karatasi ambayo hatujui nani aliiandika.

Katika njia ya mchanganyiko tuangalie sana. Wengine huweka telefone mbele ya kalasi, na walio mbali hutazama mgongo wa mwalimu akiandika ubaoni. Hao si wanafunzi. Ni watazamaji dirishani. Afadhali juma moja liwe na swali moja kwa wote: walio kalasini walibishanie kwa mdomo, walio mbali waandike mapingamizi yao mbele, nayo yasomwe kalasini na kujibiwa kwa majina yao. Hapo aliye mbali ana kiti.

Mapingamizi

Mtu atasema: kufundisha toka mbali ni kitu kigeni kwa Eklezia. Twajibu: Mtume Paulo alifundisha Korinto na Roma kwa barua. Aliwaagiza Wakolosai wabadilishane barua na jirani zao wa Laodikia. Aliposhindwa kufika Tesalonike alimtuma Timoteo, naye akaendelea kutamani kuwaona uso kwa uso. Barua, mjumbe, safari: njia tatu, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Hata kwetu, katekista alifundisha kijijini miezi mingi, padri akapita kwa safari yake, akauliza, akasahihisha. Naye yule mzee aliyeandika barua fupi ya Yoane alisema wazi kwamba ana mengi, lakini hataki kuyatia katika karatasi na wino, atakuja mwenyewe. Alijua yapi ni ya barua na yapi ni ya mdomo. Ndiyo hekima tunayoitafuta.

Mwingine atasema: basi hata seminari yaweza kuwa ya intaneti. Hapo twatofautisha. Kufunza akili ni sehemu moja ya malezi. Kanuni za malezi ya mapadri zilizotolewa Roma tarehe 8 Desemba 2016 zataja nne: utu, roho, akili na uchungaji; tena zadai malezi yafanyike katika jumuiya. Historia ya Eklezia yaweza kusomwa mbali. Kuvumilia jirani anayekoroma katika chumba cha pili hakusomwi mbali.

Wa tatu atasema: hayo yote yaongeza kazi ya mwalimu, na mshahara hauongezeki. Hilo ni kweli, wala hatuna jibu la kulifuta. Kusikiliza wanafunzi arobaini dakika kumi na tano kila mmoja ni saa kumi. Wakubwa wanaoagiza njia tatu wazihesabu saa hizo kuwa kazi. Wasipofanya hivyo, mwalimu atarudi kupiga picha silabusi yake usiku, nasi hatutakuwa na haki ya kumhukumu peke yake.

Ndugu walimu, kabla mwaka haujaanza, twaeni karatasi moja. Upande mmoja andikeni kazi za somo lenu: kusoma, kueleza, kubishana, kuandika, kusahihisha, kupima. Mbele ya kila moja andikeni: yahitaji kuonana? Nani hataweza kuifikia? Nimtengenezee njia gani? Mwanafunzi wa Kadutu tuliyemtaja hakukosa akili. Hakuna aliyeandika swali la pili.