Viunzi 35 vya Filbert Bayi

Mtoto wa Kibaha ukimuuliza Filbert Bayi ni nani, mara nyingi atakutajia shule. Hajakosea. Shule zenye jina hilo zipo Mkuza, humu humu mjini kwetu, na wengi wa hapa wana ndugu au jirani aliyesoma pale. Mtu mzima anayefuatilia riadha atakwenda mbali zaidi na kukutajia Christchurch, Februari 2, 1974, siku Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500. Ni wachache watakaokutajia Moscow, Julai 31, 1980, siku alipomaliza wa pili katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Medali aliyovaa siku ile ni moja kati ya mbili tu ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki. Ya pili aliipata Suleiman Nyambui kesho yake, katika mita 5000.

Hata hao wachache wanaoikumbuka Moscow huisimulia kwa masikitiko: Bayi alitangulia mno, akaishiwa, akapitwa. Nadhani maelezo hayo yanamwonea. Ukizichambua zile mbio kiunzi kwa kiunzi, utaona kwamba kule kutangulia ndiko kulikompa medali. Namna alivyozikimbia inastahili kufundishwa.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mbio hizi zina mizunguko saba na kipande. Kipande cha kwanza hakina kiunzi, ili wakimbiaji wapate kujipanga. Baada ya hapo kila mzunguko una viunzi vitano, vinne vikavu na kimoja chenye dimbwi la maji. Zidisha kwa saba upate vikavu 28 na vya maji 7, jumla 35. Kwa wanaume, kiunzi kina kimo cha sentimita 91.4, na boriti yake ya juu ina unene wa sentimita 12.7. Kile cha mita 110 ukikigonga kinalala. Hiki hakilali. Ukikigonga, unayeanguka ni wewe.

Umbali kati ya kiunzi na kiunzi ni kama mita 80 hivi. Bayi alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 12.48, ambayo ni wastani wa mita sita na kidogo kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kila baada ya sekunde 13 hivi alikuwa anaruka, anatua na kuanza tena kutafuta mwendo wake. Anayekimbia tambarare hupata mwendo wake na kukaa nao. Wa viunzi huupoteza na kuurudisha mara 35.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapomtazama mruka viunzi. Tumezoea kumshangilia anayepaa. Kwenye mpira wa kikapu, anayefika juu zaidi ya pete ndiye anayeinua watu vitini. Kwenye viunzi mambo yamegeuka: kila sentimita unayopaa bila haja inakugharimu, kwa sababu mguu ulio hewani hausukumi ardhi. Mrukaji hodari hupita karibu kabisa na boriti. Goti la mbele linainuka mapema, kiwiliwili kinainama kidogo, mguu wa nyuma unafuata ukiwa umekunjwa pembeni, na anapotua nyonga tayari ziko mbele ya unyayo. Akitua huku ameegemea nyuma, amejifungia breki mwenyewe.

Kwenye maji kazi ni kubwa zaidi. Mita 10 au 15 kabla ya boriti mkimbiaji huongeza kasi, kwa sababu asiyefika na kasi atatua katikati ya dimbwi, penye kina. Anakanyaga juu ya boriti kwa mguu mmoja, njumu zikishika mbao. Goti linabaki limekunjwa ili mwili usiinuke, anasubiri mpaka uzito wote uvuke boriti, ndipo anasukuma kwenda mbele. Dimbwi lina urefu wa mita 3.66, na sakafu yake inapanda kadiri unavyokiacha kiunzi nyuma. Anayesukuma vizuri hutua kwa mguu mmoja kwenye maji ya kifundoni, na hatua inayofuata iko pakavu. Anayesukuma vibaya hutua kwa miguu miwili ndani ya maji ya magotini, na hapo amepoteza karibu sekunde nzima. Amos Biwott wa Kenya, aliyeshinda dhahabu Mexico mwaka 1968, aliwashangaza watu kwa kuruka dimbwi lote bila kulowa. Lakini Biwott alikuwa mrukaji wa aina yake. Wengine wote inabidi wapige hesabu.

Sasa mtazame aliyeingia katika kazi hiyo. Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, akawa askari wa Jeshi la Wananchi. Viunzi havikuwa vigeni kwake. Katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 alishiriki mita 1500 na mita 3000 kuruka viunzi, akaishia mchujo katika zote mbili. Januari 1973, kwenye Michezo ya Afrika jijini Lagos, alimshinda Kipchoge Keino katika mita 1500. Mwaka uliofuata ikaja Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alitangulia tangu mlio wa bastola, akapita mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, akawaacha watu nyuma wakidhani atakatika, na hakukatika. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Kama rekodi ya michezo hiyo, muda ule wa Bayi ulidumu mpaka mwaka 2022, Oliver Hoare wa Australia alipoivunja Birmingham.

Mei 1975 alivunja pia rekodi ya dunia ya maili, kule Kingston, Jamaika, kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Montreal mwaka 1976 hakukimbia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ile kwa sababu New Zealand ilishiriki, ilhali timu yake ya raga ilikuwa inazuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akachukua dhahabu. Pambano ambalo dunia nzima ililisubiri halikufanyika.

Kufikia 1980, mita 1500 zilikuwa mikononi mwa Waingereza wawili, Sebastian Coe na Steve Ovett, ambao walikuwa wakipokezana rekodi za dunia. Bayi akarudi kwenye viunzi. Njia hiyo ilikuwa na mfano hapa hapa Afrika Mashariki: Keino, bingwa wa mita 1500 wa mwaka 1968, aliingia viunzi vya Munich akiwa na uzoefu mdogo na akatoka na dhahabu.

Uamuzi huo una mantiki ya namba. Rekodi yake ya Christchurch ni wastani wa sekunde 56.6 kwa kila mita 400. Mbio za Moscow alizikimbia kwa wastani wa sekunde 65.7. Kuna tofauti ya sekunde tisa kwa mzunguko. Kasi ya viunzi haikuwa kitu cha kumtisha. Kilichobaki ni viunzi vyenyewe, na namna ya kuvifikia bila kusumbuliwa.

Hapo ndipo kutangulia kunapopata maana nyingine. Kwenye mita 1500, Bayi alitangulia ili kuwachosha wenye kasi ya mwisho. Kwenye viunzi, aliye mbele anapata pia macho. Anaiona boriti tangu mbali, anapanga hatua zake, anachagua mguu wa kurukia na anakanyaga anapotaka. Aliye katikati ya kundi anaona migongo. Kiunzi kinamtokea ghafla mtu wa mbele yake anaporuka, na inambidi akate hatua, au azirefushe, au aruke akiwa amebanwa na viwiko vya watu. Kwenye maji ni vibaya zaidi, maana wa mbele akitua vibaya, wa nyuma anatua mgongoni mwake. Kwa mtu ambaye uzoefu wake wa viunzi ulikuwa mdogo kuliko wa wapinzani, mahali salama pa kurukia palikuwa mbele ya wote. Mimi naisoma Moscow hivyo: Bayi alijifungulia njia. Alitumia kasi aliyokuwa nayo kufidia ufundi ambao wenzake walimzidi.

Akashika uongozi mapema na kufungua pengo kubwa. Nyuma yake alikuwamo Bronisław Malinowski wa Poland, na huyu hakuwa mtu wa kubabaika. Alikuwa wa nne Munich, wa pili Montreal, bingwa wa Ulaya mwaka 1974 na tena 1978. Malinowski hakumkimbilia Bayi. Alishika mwendo wake, akapunguza pengo kidogo kidogo, akamfikia katika mzunguko wa mwisho na kumpita. Alimaliza kwa dakika 8 na sekunde 9.70. Bayi 8:12.48. Eshetu Tura wa Ethiopia 8:13.57.

Tuzitazame hizo namba tatu kwa utulivu, kwa sababu hukumu yote imo humo.

Kati ya Malinowski na Bayi kuna sekunde 2.78, sawa na mita 17 hivi. Gawa hizo sekunde kwa viunzi 35, unapata chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila kiunzi. Hicho ndicho kipimo cha tofauti kati ya mtu aliyekuwa katika fainali yake ya tatu ya Olimpiki na mtu aliyekuwa katika fainali yake ya kwanza. Kila kutua kuzito kidogo, kila hatua moja ya ziada baada ya maji, ilikuwa inatosha kuleta pengo hilo. Na makosa hayo huja mwishoni, miguu inapolegea, kwa sababu kuruka ukiwa umechoka kunadai nguvu ambayo kukimbia tu hakudai. Mkimbiaji wa tambarare aliyechoka anapunguza kasi. Wa viunzi aliyechoka anapunguza kasi na bado inambidi ainue mwili mzima juu ya boriti.

Kati ya Bayi na Tura kuna sekunde 1.09, mita saba hivi. Wanaosema Bayi alipoteza dhahabu kwa kutangulia hawaitazami namba hii. Mwenye kuchoka namna ile kwa kawaida hupitwa na zaidi ya mmoja. Bayi hakupitwa na Tura kwa sababu mita alizozichuma mapema zilikuwa bado hazijaisha. Pengo lile lilikuwa akiba, akaitumia mpaka senti ya mwisho, ikamfikisha kwenye utepe akiwa wa pili.

Je, angetulia katika mizunguko ya kati angeshinda? Hoja hii ina uzito. Mbio ndefu kwa kawaida humlipa anayegawa nguvu sawasawa, na Malinowski aligawa hivyo. Lakini kutulia kungemrudisha Bayi kwenye kundi, kwenye migongo na viwiko, mahali ambapo kasi yake ya mita 1500 isingemsaidia chochote. Nikiwekwa niamue, nasema kosa lake, kama lipo, lilikuwa katika kiasi. Mpango ulikuwa sahihi. Aliyemshinda alikuwa mruka viunzi bora kuliko yeye, na alistahili.

Ni kweli pia kwamba Kenya haikwenda Moscow, kwa hiyo Henry Rono, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya 8:05.4, hakuwapo. Medali haijapungua kwa hilo. Bayi mwenyewe aliikosa Montreal. Mkimbiaji hushindana na walio kwenye mstari.

Wanariadha wetu wana mambo matatu ya kuchukua hapa. La kwanza, mkimbiaji mzuri wa mita 1500 asiye na mbio kali za mita 200 za mwisho hajafika mwisho wa njia. Viunzi vinaweza kuwa mlango wake. La pili, ajifunze kuruka kwa miguu yote miwili, kulia na kushoto, kwa sababu katika mzunguko wa saba hutachagua mguu, utaruka na ulio karibu. La tatu, mazoezi ya kuruka yafanywe mwili ukiwa umechoka, baada ya mizunguko, kwa kuwa kiunzi cha kwanza kila mtu anakivuka.

Hayo hayahitaji uwanja wa kimataifa. Gogo lililonyooka, lililofungwa imara juu ya nguzo mbili kwa kimo cha sentimita 76 kwa wanaoanza na 91 kwa vijana wa kiume waliokomaa, linatosha kufundishia kiunzi kikavu. Boriti ikiwekwa mbele ya shimo la mchanga la mruko mrefu, kijana atajifunza kusukuma na kutua kama kwenye maji, bila kuhatarisha kifundo. Walimu wa michezo wa Kibaha na Kisarawe, maeneo ya wazi mnayo na watoto wenye mbio mnao. Wekeni gogo moja mwaka huu, waonyesheni vijana video ya fainali ya Moscow, kisha waambieni kwamba yule aliyetangulia ndiye aliyejenga shule pale Mkuza.