Furaha Yenye Deni

Msomaji kijana, usidhani kila hadithi ya kubuni ya sayansi hupimwa kwa vyombo vya angani. Mwaka 1973 Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani, alitoa hadithi fupi juu ya mji uitwao Omelas; mwaka 1974 ikapata tuzo ya Hugo. Watu wa mji huo wana raha tele, lakini raha yote hutegemea mateso ya mtoto mmoja aliyefungiwa chumbani chini ya ardhi. Akitolewa, neema ya wote hutoweka. Wote wanajua. Wengi huona uchungu, kisha huzoea. Wachache huondoka, wasirudi.

Uhodari wa mwandishi ni huu: hakuujenga mji peke yake. Humwalika msomaji auongezee mitambo na anasa azipendazo. Ukiisha kuongeza, nawe umekuwa mwenyeji, na deni la mtoto yule ni lako pia.

Mkiijadili darasani, msiwe wepesi kuwasifu walioondoka. Mikono yao ni safi, lakini mlango wa mtoto ungali umefungwa. Mwandishi hakukata shauri, amewaachia ninyi. Ulizaneni: kukaa, kuondoka au kufungua mlango, lipi ni haki?